Turubai Lililomtangulia Nikodemo

Marehemu Nikodemo Anord Shemweta alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 huko Mlalo, Lushoto, mtoto wa kwanza wa Mzee Anord na Bi. Jenoveva, ambao walishatangulia. Alibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mlalo, kisha ufundi Tanga. Mwaka 1980 aliajiriwa kiwanda cha chai Bulwa akiwa fundi mitambo, hadi alipostaafu mwaka 2013 na kuhamia Lushoto. Mwaka 1996 alitumwa Kigoma kufunga mashine ya mawese. Wenzake walirudi na migebuka wakavu. Yeye alirudi na ndoo ya samaki hai, wafupi kuliko kidole, ambao nyumba zao ni maganda ya konokono. Uzao wao aliutunza sebuleni, ndani ya tangi la kioo, maisha yake yote.

Alifunga ndoa na Paskalina tarehe 6 Oktoba 1984. Mungu hakuwajalia mtoto, na pale Mungu aliponyamaza, ukoo ulisema. "Shemeji, bwana wako anafuga mboga isiyotosha tonge," mdogo wa marehemu, Silvano, alizoea kumwambia Paskalina. Samaki hao humfukuza yeyote anayesogelea watoto wao. Siku moja mchungaji alitumbukiza kidole, akadonolewa.

"Uwawie radhi, baba mchungaji," marehemu alisema. "Wana watoto hawa, hawaangalii cheo."

Lushoto baridi ni kali. Umeme ukikatika, Paskalina alijaza chupa maji ya moto na kuziacha zielee tangini, ndipo akainjika chai ya watu.

Tarehe 8 Julai 2024 marehemu alilazwa Tanga kwa maradhi ya figo, Paskalina akimuuguza. Funguo walimwachia Silvano, na ombi moja: maji ya tangi yasipoe. Wiki iliyofuata zilifika habari kwamba amezidiwa. Kwa kuwa ukoo huu haupendi kufumaniwa na msiba, makochi yalitolewa sebuleni, mikeka ikatandikwa, turubai likafungwa uani. Tangi lilichomolewa kwenye umeme, likawekwa barazani.

Tarehe 18 marehemu aliruhusiwa, akaingia uani kwa miguu yake.

"Poleni," aliwaambia waliokaa chini ya turubai. "Tumefiwa na nani?"

"Shikamoo, kaka," alisema Silvano. "Tulikuwa tunajiandaa tu."

"Marahaba."

Alikwenda barazani. Samaki wote walikuwa wamekufa kwa baridi. Mmoja alifia mlangoni mwa ganda lake. Silvano akaamuru turubai lifunguliwe.

"Liacheni," marehemu alisema. "Mtachoka bure."

Makochi pia alikataza yasirudishwe. Alilala kwenye mkeka wa waombolezaji. Paskalina alipomsihi arudi kliniki, alimjibu, "Watu wameshakaa, mke wangu. Tusiwacheleweshe."

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2024.

Ameacha mjane, Paskalina. Mdogo wake, Silvano. Wapwa kadhaa, na tangi moja la kioo, limeoshwa. Kwa agizo lake, wasifu huu umesomwa na Silvano, bila kuruka mstari.

Nikodemo na apumzike kwa amani. Turubai sasa linaweza kufunguliwa.