Mama Mukashema Claudette, mwenye damu yake ilipita mu mashini

Ndugu, jamaa na majirani wa Mubi, miye Habumugisha, bwana yake, famille imenituma niwasomee maisha ya mama Claudette, na nitasoma polepole, juu iye njo alinifundisha kusoma, tukiwa tayari watu wazima.

Alizaliwa Bihambwe, mu Masisi, tarehe 14 mwezi wa tatu 1979, mutoto wa papa Nzabandora na mama Epiphanie, walimaji wa kilima, akamaliza primeri 1992, vita ikafunga masomo, akashika jembe. Tulioana tarehe 7 mwezi wa nane 1999, Mungu akatupa batoto wawili, Kétsia na Archange.

Mu 2006 pumuzi ikaanza kumukosa akipanda mulima, wanganga wakaona kilango kimoja cha moyo kimeharibika, na tarehe 20 mwezi wa tano 2008 mapadri wakasaidia apasuliwe Nairobi, wamuwekee kilango kingine. Kule walisimamisha moyo, damu yake ikatoka inje, ikapita mu mipira ya mashini yenye kufanya kazi ya moyo na ya mapafu, mipira yenye ilipakwa dawa ndani, damu isigande, isione kama imefika kwa wageni, na wanganga walituambia ile dawa ilisaidia asivimbe sana, apone mbio. Alipofika nyumbani, shangazi yangu Dancille akamusimamisha ku mulango, akasema hii damu ilitembea bila kuaga, haiingie mbele ya kunywa maziwa, akamunywesha kikombe kizima, na ndugu yangu Séraphin akamucheka kama damu yake inajua Nairobi kumupita iye mwenyewe, juu alikuwa amelala. Claudette akamujibu kwamba damu yake iko na akili, iliona Nairobi na ikachagua Bihambwe.

Alilima tena miaka mingi, paka mwezi wa pili 2023, vita ikatutosha kwetu, tukatembea na miguu mu Masisi yote paka hapa Mubi, mu Walikale. Kila asubui alikuwa anauliza watu wa moto, wale wa pikipiki, kama barabara imefunguka. Kilango chenye walimuwekea kilikuwa kimechoka, control, ile ya kupima moyo, iko Goma, hatukuweza kufika, na aliniomba kitu kimoja tu, nisimuzike mu pori, nimulaze kwetu, pembeni ya mama yake. Alituacha tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2023, saa ine ya asubui.

Tunashukuru wanganga wa hapa na wa kule mbali, majirani wenye walilala inje na sisi, na mama Virginie, mufanyabiashara wa Butembo, mwenye alitoa mbao na kitambaa vya sanduku.

Claudette, sikuweza. Pumuzika na amani hapa Mubi kwanza, na barabara ikifunguka, nitakuja kukuchukua.