Mzee Mjaka Kificho na Wasasi wa Muyuni

Tarehe 31 Disemba 1958 Mzee Mjaka Kificho anastaafu, baada ya kuitumikia idara yetu miaka ishirini na saba akiwa mwongoza wasasi, yaani wawindaji, katika msitu wa Muyuni. Wengi wetu wa mjini tulimwona paa kwa mara ya kwanza tukiwa nyuma ya mgongo wake.

Alipoajiriwa alikuwa msasi wa peke yake, na akijisifu kwa hilo. Kuongoza watu hakukumpendeza. Wageni walikohoa, walivaa viatu vinavyolia, na mmoja alikuja na mwavuli. Hata hivyo alizoea, akawafundisha kulijaribu jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga.

Mimi, karani wa leseni za usasi katika idara, sikutaka kufundishwa. Niliona msasi wa kuongozwa ni kama mtu wa kulishwa. Jumapili moja ya mwaka 1952 nilichukua bunduki nikaingia maweni, kwenye miamba ya msitu huo, peke yangu, wala sikumwambia mtu. Kabla ya adhuhuri nilitumbukia katika shimo lililofunikwa na majani, mguu ukavunjika. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Bi Mwatum, mkewe Mzee Mjaka, ndiye aliyeiona baiskeli yangu kando ya njia akamwambia mumewe. Alasiri Mzee Mjaka alinifikia. Nilitaraji kugombezwa. Alininywesha maji, akaufunga mguu kwa kilemba chake, kisha akasema, "Bwana Matar, msitu huu hauna ugomvi na wewe. Hamjajuana tu."

"Basi sirudi tena peke yangu," nikamwambia.

"Utarudi. Lakini kwanza utakwenda na mimi."

Baada ya ajali yangu wakubwa wa idara walitaka kupiga marufuku usasi wa peke yake. Mzee Mjaka alikuja mjini mwenyewe kuwaomba wasifanye hivyo. Alieleza kwamba anayeongozwa hurudi salama, lakini aliye peke yake ndiye anayeusikia msitu. Afadhali mtu aanze kwa kuongozwa, amalizie kwa kwenda peke yake. Wakakubali: safari tatu na mwongozaji, ndipo mtu aende peke yake. Tangu hapo hakuna msasi aliyepotea Muyuni, nami huingia maweni peke yangu, nikichechemea kidogo.

Wiki iliyopita alitoka na Simai Ame, anayeshika nafasi yake. Safari hii Mzee Mjaka alitembea nyuma, kimya, hata Simai aliposita penye njia panda. Simai akachagua mwenyewe, na akachagua vyema.

Ahsante, Mzee Mjaka. Mungu akupe afya, wewe na Bi Mwatum, na miaka mingi ya kwenda utakako bila ya kulazimika kumngoja mgeni.