Mkeka wa Yandé

Benchi la Birame muuza kahawa limeegemea ukuta wa nyumba ya Gora, hapo Rufisque, chini ya dirisha. Wanywaji husikia yote ya ndani, na tangu Yandé, mke wa Gora, azikwe, wanasikia jambo moja tu: maharage yakimiminwa kutoka kikombe hadi kikombe. Ni Sokhna, binti yao wa miaka minne. Marehemu alikuwa msaidizi katika chekechea ya Montessori, na nyumbani alimfundisha mwanawe vilevile: kumimina, kufunga vifungo, kumenya yai, kila kazi na mkeka wake. Sheria ilikuwa moja. Kazi iliyo mkekani haiguswi mpaka mwenyewe arudi kuimalizia. Asubuhi aliyopelekwa hospitali, Yandé alikuwa mkekani akikata karatasi ya msasa kutengeneza herufi za kupapasa, za jina la mtoto. Alifika herufi ya tatu. Mkeka umetandikwa hadi leo katikati ya chumba, mkasi juu yake, na keshokutwa ni arobaini.

— Wageni nitawakalisha wapi? Gora aliwauliza wenzake wa benchini. Jana shangazi yake Sokhna kagusa mkasi tu, kang'atwa mkono.

— Mtoto yuko ndani ya sheria, alisema mzee waliyemwita Mahakama, tarishi mstaafu wa kortini. Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao.

— Hapo inaingiaje, mzee? aliuliza Pampu, fundi matairi.

— Kwani mbachao si mkeka?

— Mimi nasema mtoto akilala, kunja, Pampu akasema. Asubuhi mwambie panya kabeba.

— Panya abebe mkasi? Birame akauliza.

— Panya wa mtaa huu unawajua, au unawasikia?

— Basi chumba kipigwe kufuli, Mahakama akasema. Dua tuisome barabarani. Penye nia pana njia, na njia si hii hapa mbele yetu?

Pampu akasogea, akashusha sauti.

— Sikia, Gora. Nina binamu yangu wa kike huko Thiès, kimo cha marehemu kabisa, hata mwendo. Tumfunike mtandio. Anaingia, anakata herufi zilizobaki, anakunja mkeka, anatoka zake. Mtoto kaona mwenyewe karudi. Kazi imekwisha.

Gora alitamani kumzaba kibao. Kilichomtisha ni kwamba, kwa muda wa pumzi moja, wazo lile lilimpendeza. Hata Yandé angetokea dirishani tu, hata akiwa wa uongo.

Pembeni alisimama Waly, mwashi aliyeanza kazi juzi nyumba ya pili. Aliweka kikombe chini.

— Samahanini wakubwa zangu, alisema. Mtoto ameambiwa mama yake yuko wapi?

Mahakama aliinamia kikombe chake. Ni yeye aliyeleta biskuti akasema mama katuma kutoka Kaolack. Birame alipeleka karanga kwa maneno hayohayo, na Pampu alileta salamu, eti kapigiwa simu. Safari yenyewe ya Kaolack aliitunga Gora siku ya mazishi, mtoto alipokuwa amefichwa kwa jirani. Wote walidhani wanamhurumia. Siku ya thelathini na nane hii, mtoto analinda kazi ya mtu waliyemuahidi kwamba atarudi.

— Birame, ongeza kahawa, Pampu alisema.

— Imekwisha.

Gora akainuka.

— Unakwenda wapi? Mahakama akamuuliza.

— Ndani.

— Utamwambiaje?

— Sijui, mzee.

Alivua viatu mlangoni, kama mkewe alivyowazoeza. Kutoka kwenye benchi walisikia sauti ya mtoto: “Baba, usikanyage kazi ya mama.” Wakasikia Gora akiketi sakafuni, akianza kusema polepole. Maharage yaliendelea kumiminwa, kikombe hadi kikombe. Kisha hawakuyasikia tena.