Aliyefunga Jukwaa

Basi lilikuwa nusu tupu, wala sikuhitaji kutega sikio. Waliokaa mbele yangu walikuwa na sauti za watu waliozoea kuitana kutoka ghorofa hadi ghorofa: kijana mwashi mwenye saruji kwenye kope, na mama mmoja fundi rangi, ndoo yake miguuni.

"Kazi yenyewe iko mtaa wa pili kutoka kwangu, mama. Ya kudumu. Ila bosi hataki mtu wa chama cha wafanyakazi, na leo anataka jibu."

"Na chama kinakupa nini?"

"Kazi za mbali. Nikirudi nyumbani, binti yangu ananiamkia kama mgeni."

Nilicheka. Mwashi akageuka, nami nikajifanya nasoma tangazo la sabuni.

"Sasa si umeshaamua, mwanangu? Nikuulize moja tu. Sisi wa chama, aliyefunga jukwaa la miti la kusimamia ukutani ndiye anayelipanda kwanza, likimbeba ndipo sisi tunamfuata. Kwa bosi wako anaanza nani?"

"Pale mfungaji ana haraka zake, mama. Akimaliza, anaenda kufunga kwingine."

"Aa," alisema mama. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya siku nzima isiyofikia hiyo "aa".

"Lakini mtoto, mama..."

"Mtoto ndiyo. Mimi sijakukataza."

Basi likasimama mbele ya jengo ambalo halijaisha. "Kwa bosi ndiyo hapa," mwashi akasema, akaaga, akashuka. Kupitia dirishani nilimwona ameshika mguu wa jukwaa kwa mikono miwili, anautikisa huku anatazama juu. Tulipoondoka alikuwa bado anautikisa.