Siku Niliporudishiwa Mkasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kwa sauti ndogo. Si kitu. Kunisikiliza mtanisikiliza.

Mimi ni Aidani, fundi cherehani, mtu wa Masasi niliyehamia hapa Kariakoo. Wengi mnanijua kama yule aliyeugua kichaa. Kabla ya hapo nilikuwa mkataji katika ushirika wetu wa washonaji, karibu na sokoni. Mnajua kitambaa siku hizi kinavyopatikana, mpaka upange foleni tangu alfajiri. Mkataji ndiye anayeaminiwa nacho, maana mshono ukipinda unafumuliwa, lakini kilichokatwa kimekatwa.

Kisha nikaugua. Nilisikia sauti zikiniamuru nikate, nikate. Nikachanachana jora zima la kaki lililokuwa la sare za shule. Wenzangu walinifunga kamba, wakanipeleka hospitali. Huko nilidungwa sindano, nikapewa vidonge, na Bwana akanirudishia akili yangu polepole. Daktari akaniambia nirudi kazini, kwamba kazi nayo ni dawa.

Ndugu zangu, niliporudi ndipo nilipoumia kweli. Nilipoingia mlangoni, mikasi yote ilitoweka mezani. Wengine waliikalia! Mwenyekiti wa ushirika, aliyehubiri katika kila mkutano kwamba kila mtu afanye kazi, alinipa fagio nifagie vipande. Hakuna aliyeniita fundi tena. Mchana wenzangu walikula kwenye sinia moja, mimi nikatengewa sahani yangu pembeni. Baadaye hata fagio wakaninyang'anya, wakasema niende nyumbani nikapumzike.

Nipumzike wapi? Mgambo walikuwa wakikamata kila asiye na kazi mjini na kumpakia kwenye lori, akalime asikokujua. Mimi, mtu mzima mwenye ufundi wangu, nikawa najificha vichochoroni kama mwizi.

Nikaja hapa kanisani. Mliniombea, nawashukuru. Mliniwekea mikono kichwani, mkapaza sauti mpaka masikio yakaniuma. Lakini nilipoomba niyashone majoho ya kwaya, mlikataa. Mama mmoja yupo hapa, simtaji, alisema tusimjaribu Mungu. Mkakichukua kile kitambaa cheupe mkampelekea Mzee Shomari, Mwislamu, anayeshonea barazani Mtaa wa Sikukuu. Niliumia, ndugu zangu. Naumia mpaka leo.

Siku chache baadaye nilikuwa nawakimbia mgambo, nikajikuta pale pale barazani kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama. Akaniuliza kama si mimi niliyekuwa nakata kule ushirika. Nikamwambia ndimi, na habari za ugonjwa nikamweleza zote, maana nilikuwa nimechoka kuficha. Mgambo wakafika, wakauliza mimi ni nani na nafanya nini pale. Mzee hakuinua hata macho kwenye cherehani.

"Huyo fundi wangu," akasema.

Wakaondoka. Adhana ya adhuhuri ikalia. Mzee akanyanyuka, akatandaza kitambaa cheupe mezani, akaweka mkasi juu yake. Nilikitambua kitambaa kile. Sasa, sisi mafundi, mkataji mgeni haachwi peke yake. Unamsimamia mpaka amalize, usije ukalia baadaye. Mzee Shomari akavaa kofia yake.

"Vipimo hivyo hapo. Kata, mimi naenda kuswali."

Akaenda kweli! Nikaushika mkasi. Nikamwita Yesu. Nikatega sikio kama zile sauti zitakuja, nikasikia kelele za wachuuzi tu. Nikakata. Aliporudi nilikuwa nimemaliza. Alikagua kipande kwa kipande, akanawa mikono na kunikaribisha chakula. Tulikula sinia moja, na machozi yalinitoka.

Siku hiyo ndiyo niliyofunguliwa. Vidonge bado nameza kila jioni, wala sioni aibu. Namshukuru Bwana aliyemtuma mtu asiyesali hapa, kwa sababu sisi tunaosali hapa alitukuta tumekalia mikasi.

Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu. Mimi nilimtegemea, hakunitupa. Na akirudi kwenu mwingine kutoka hospitali, mwombeeni, kisha mpeni kazi.

Sasa naomba kwaya isimame ituimbie. Majoho yamewakaa vizuri. Niliyakata mimi.