Mzee Rafiq na Majina Yaliyokatwa

Sauti iliyonikaa kichwani ni ya deki ya video ikirudisha kanda nyuma: mvumo mwembamba unaopanda, unaopanda, kisha kimya cha ghafla. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, mchana, mapazia yameshushwa, na kwa kitambo sikujua kama niko mtaani Wandegeya au ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Aliyesimama kando ya deki hiyo, kiganja juu yake kama anayempima mtoto homa, alikuwa Mzee Rafiq.

Tarehe 30 Juni mwaka huu anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutunza kanda katika Maktaba yetu ya Filamu. Ni mzaliwa wa Kibuli. Aliuza vitambaa dukani kwa baba yake, akaja kwetu mwaka 1996 kwa kibarua cha miezi mitatu.

Kazi yake ilikuwa kunakili. Kaseti zilikuwa adimu, na waliofanya kazi hiyo mjini walikuwa na desturi moja: filamu ikikaribia kwisha, walikata majina ya walioitengeneza, yale yanayopanda kwenye kioo, ili filamu ya pili ipate nafasi. Naye alikata. Mwaka 1998 alikata majina ya filamu ya Kavugho, mchuuzi wa vitenge kutoka Butembo, aliyewapiga picha wanawake wanaokausha samaki ufukweni Ggaba kwa kamera ya kuazima. Siku ya kuionyesha, Kavugho alikuja na watu tisa waliomsaidia, wamevaa nguo zao za kanisani. Filamu ikaisha, kioo kikawa cheusi. Kavugho hakugomba. Alimgeukia tu Mzee Rafiq na kumwuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Kaka, batu yangu beko wapi?"

Kaseti ya awali ilikuwa imeshafutwa. Mzee Rafiq alichukua kalamu, akawaomba wale tisa wamtajie majina mmoja mmoja, hadi aliyeshika taa na aliyepika chakula, akayaandika kwenye jalada.

Hakukata tena. Badala yake alianza kuyatafuta majina yaliyopotea. Alibeba kanda sokoni, makanisani, kwenye mabweni ya wanafunzi, akiuliza nani anaujua uso huu, nani alishika kamera hii. Kanda mia tatu na kumi na mbili zimepata watu wake kwa njia hiyo. Latifah wa mapokezi anadai kwamba hata harusini Mzee huuliza kwanza nani amepika pilau, ndipo aulize jina la bibi harusi.

Alitufundisha kuzipenda filamu ambazo hakuna anayeziulizia. Kivuli cha mpiga picha kikipita ukutani, wanafunzi wakacheka, yeye alisema kwa upole kwamba hapo ndipo filamu inapopumua. Nimeketi mchana mwingi katika chumba kile nikitazama watu nisiowajua wakitembea katika mvua iliyokwisha kunyesha kabla sijazaliwa, na nikatoka nikiwa nimewakumbuka.

Zimebaki kanda arobaini na moja zisizo na majina. Tangu Machi kamati imesema kwamba akiondoka zitaondolewa, chumba kiwe ofisi, isipokuwa akipatikana mfanyakazi wa kuendeleza kazi yake. Mzee hakumwomba yeyote. Alianza tu kuja kazini Jumapili.

Mzee Rafiq, tunakushukuru kwa subira yako, kwa chai yako ya tangawizi, na kwa kila jina ulilolitafuta kwa miguu. Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaokaa kimya filamu inapoendelea.

Jumatatu niliirudisha barua ya uhamisho wangu wa kwenda Nairobi bila kuitia saini. Jumanne nilikwenda Katwe na kanda ya kwanza kati ya zile arobaini na moja. Nilirudi na majina manne.