Kioo cha Nne cha Fundi Wembe

Marehemu babu yetu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alihitimu darasa la saba mwaka 1972, akiwa wa kwanza katika jiografia. Alitaka kuendesha malori ya masafa marefu. Leseni yake aliipata mwaka 1983, akaihuisha maisha yake yote, lakini hakuwahi kuendesha lori hata moja. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nilisahau kufunga mlango."

Tarehe 6 Juni 1984, akiwa kibarua kwenye gereji, alipuliza rangi nyekundu mlango ukiwa wazi. Upepo ukaipeperusha hadi kwenye magari kumi na moja ya wateja, yakaota vipele vya rangi kwenye vioo na bodi. Aliyasafisha kwa siku tisa: vioo kwa maji ya sabuni na wembe uliolazwa, bodi kwa udongo laini maalumu, maana wembe ungeichuna. Hakuacha mkwaruzo hata mmoja. Hilo, alisema, ndilo lilikuwa kosa la pili.

Tangu siku hiyo tajiri wake hakumwachia. Kila Januari babu alipeleka barua ya kuacha kazi. "Malizia hili moja, fundi, halafu uende," aliambiwa. Akamalizia moja kwa miaka thelathini na nne.

Mwaka 1987 alifunga ndoa na bibi, ambaye miwani yake ilirukiwa rangi alipopita gerejini, akamwachia babu aisafishe. "Nilifuata miwani, nikatoka na mume," bibi husema.

Mwaka 2018 kifua kilimwachisha kazi. Mpira wa mtungi wake wa oksijeni haukufika hata mlangoni. Mwezi uliopita alilazwa hospitalini, kwenye chumba chenye dirisha la vioo vinne, vyote vimerukiwa rangi ya ukutani. Akaomba wembe.

"Babu, hapa si gereji," nesi alimwambia.

Basi akakwangua kwa ukingo wa leseni yake, kidogo kidogo, siku hadi siku.

"Kimebaki kimoja, mama watoto, halafu naondoka."

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, saa nane mchana. Bibi hakukubali atolewe chumbani mpaka yeye mwenyewe alipokimaliza kioo cha nne, kwa leseni ile ile.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Hakuna gari linalomngoja. Leseni tumemwekea mfukoni, na muda wake haujaisha.

Safari njema, babu. Upumzike kwa amani.